Kipimo cha kidijitali cha injini: skrini safi, nyaya zinazosema uongo

Kwa miezi minne ya mwanzo nilikilaumu chombo hiki kwa kosa lisilo lake, na kosa lililokuwa lake hasa sikuliona, kwa sababu la kwanza lilipiga kelele na la pili lilikaa kimya. Ndiyo maana tathmini hii inazungumzia nyaya kuliko skrini. Chombo chenyewe ni kipimo cha kidijitali cha injini kwa ndege ndogo za injini moja ya silinda nne. Kinakusanya joto la vichwa vya silinda, joto la gesi za ekzosi, joto na mgandamizo wa oili, mizunguko ya injini, volti na ampea, kisha kinavionyesha vyote mahali pamoja na kuvihifadhi katika kumbukumbu mara moja kila sekunde. Nilikifunga katika ndege ya viti viwili yenye injini ya Lycoming inayopozwa kwa hewa na umeme wa volti 12, nikishirikiana na fundi wa ndege mwenye leseni, ambaye ndiye aliyekagua kazi yote na kuitia saini. Jina la mtengenezaji silitaji, kwa kuwa niliyoyakuta yanaweza kujitokeza katika vifaa vya watengenezaji wengi, na ningependa msomaji akipime kifaa anachokusudia kununua kwa vigezo vilevile.

Kuhusu skrini sina mengi. Inasomeka hata jua likiipiga moja kwa moja, tarakimu zake ni kubwa, na kipimo kinachovuka kikomo hugeuka chekundu bila kumlazimisha rubani abonyeze vitufe vitatu ili ajue ni kipi. Hayo ndiyo mambo ambayo picha za matangazo huonyesha, na ni ya kweli. Zisichoonyesha ni upande wa nyuma, ambako nyaya zaidi ya ishirini huingia katika kisanduku kimoja kidogo, wala hazionyeshi kijitabu cha maelekezo, ambacho kwangu ndicho sehemu dhaifu kuliko zote.

Dalili ya kwanza ilijitokeza siku ileile tuliyowasha injini. Baada ya injini kupata joto, oili ilisoma digrii 84 za Selsiasi na mgandamizo wa bari 4.2. Nilipowasha alteneta, joto la oili liliruka hadi 91 na mgandamizo ukashuka hadi karibu 3.5, yote hayo ndani ya sekunde moja. Nilipoizima, vipimo vyote viwili vilirudi vilipokuwa. Rubani yeyote anajua maana ya oili kupanda joto huku mgandamizo ukishuka: oili inakuwa nyepesi, na injini inaelekea pabaya. Hapa mashahidi wawili walikuwa wakisema uongo mmoja, tena uongo unaofanana kabisa na hatari halisi, na huo ndio ubaya wa kelele za umeme katika vipimo vya injini. Kipimo kimoja kikiyumba peke yake humfanya mtu akitilie shaka chombo. Viwili vikiyumba kwa namna inayoingiana akilini humfanya aitilie shaka injini.

Kilichonituliza ni hesabu ndogo ya maumbile. Lita kadhaa za oili haziwezi kupanda digrii saba kwa sekunde moja, kwa kuwa oili ina uzito na chuma inachokipitia kina uzito mkubwa zaidi. Badiliko la ghafla linalofuata swichi ni la umeme, ilhali badiliko la injini huja polepole na huondoka polepole. Kanuni hiyo inafaa kwa joto la oili na kwa vichwa vya silinda, lakini haifai sana kwa gesi za ekzosi, ambazo kwa kweli hubadilika haraka rubani akigusa mchanganyiko wa mafuta na hewa. Huko lazima kutafuta ushahidi mwingine.

Niliwaandikia waliouza kifaa. Jibu la kwanza, lililokuja baada ya siku tisa, lilikuwa na sentensi moja: niongeze kiwango cha chujio katika menyu kutoka 1 hadi 5. Nilifanya hivyo, na matokeo yake yalikuwa kwamba joto la oili sasa lilipanda digrii saba kwa sekunde sita badala ya moja. Ushauri huo hutolewa mara nyingi na mara nyingi huwa mbaya. Chujio la programu huchukua wastani wa vipimo kadhaa vilivyofuatana, kwa hiyo linaweza kutuliza tarakimu inayorukaruka juu na chini ya thamani yake halisi, lakini haliwezi kurekebisha tarakimu iliyosukumwa upande mmoja na kubaki huko. Wastani wa uongo ule ule ni uongo ule ule. Zaidi ya hayo, kila hatua ya chujio inachelewesha onyo, na onyo la mgandamizo wa oili ndilo la mwisho ambalo ningependa lichelewe. Nilirudisha chujio kwenye 1, na hapo, bila kukusudia, nikagundua sifa kubwa ya chombo hiki: kikiachwa bila chujio, huonyesha kila kinachoingia kwenye waya, kizuri na kibaya, bila kukipamba.

Kabla ya kupata njia sahihi nilipita kwenye ile ambayo karibu kila mtu huipita. Nilifunga kapasita kubwa na chujio kwenye waya unaokipa chombo umeme. Hakuna kilichobadilika, na sasa najua sababu: kelele haikuwa ikiingia kwa mlango huo.

Vihisi vya oili vilivyokuja na seti hii ni vya ukinzani na vina waya mmoja tu. Njia ya pili ya mkondo ni mwili wa kihisi chenyewe, uliofungwa kwa nyuzi kwenye chuma cha injini. Chombo hupeleka mkondo mdogo kwenye waya, kisha hupima volti iliyopo kati ya waya huo na ethi yake, yaani njia ambayo umeme wake hurudia, kikidhani kwamba ethi yake na chuma cha injini ni kitu kimoja. Lakini injini imekaa juu ya mipira, nayo mipira haipitishi umeme. Kinachoiunganisha na fremu ya ndege ni mkanda mmoja wa waya uliosukwa, na mkanda huo hubeba mkondo wote unaorudi kwenye alteneta, kwa kuwa alteneta imefungwa kwenye injini. Mkanda ukiwa na ukinzani wa omu 0.005 tu, ambao mita ya kawaida haiwezi hata kuupima vizuri, na alteneta ikitoa ampea 28 kuchaji betri na kuwasha taa, basi kati ya injini na fremu kutakuwa na milivolti 140. Kwa taa, milivolti 140 si kitu. Kwa kihisi ambacho ishara yake yote ni volti moja na kitu, ni digrii saba.

Mwelekeo wa kosa nao ulikuwa unazungumza, ingawa ilinichukua muda kuusikiliza. Alteneta inapofanya kazi, mkondo unarudi kutoka kwenye fremu kwenda kwenye injini, hivyo injini inakuwa chini kidogo ya fremu kwa volti, na kila kihisi kilichofungwa kwenye injini kinaonekana kutoa volti pungufu. Kihisi cha joto hupunguza ukinzani kadiri joto linavyopanda, kwa hiyo volti pungufu husomeka kama joto zaidi. Kihisi cha mgandamizo huongeza ukinzani kadiri mgandamizo unavyopanda, kwa hiyo volti pungufu husomeka kama mgandamizo mdogo. Mashahidi wale wawili walikuwa wamenunuliwa na mtu mmoja. Uthibitisho ulikuwa kwenye kumbukumbu ya chombo tangu siku ya kwanza: kila mara stata ilipozungusha injini, joto la oili lilizama kwa ghafla, kwa kuwa wakati huo mkondo, ulio mkubwa mara nyingi zaidi, hutoka kwenye injini kuelekea kwenye betri, na kosa linageuka upande wa pili.

Kipimo cha kuthibitisha hayo hakihitaji chochote zaidi ya mita ya kawaida inayosoma milivolti. Waya mmoja wa mita unafungwa kwenye chuma kisafi cha injini na mwingine kwenye pini ya ethi ya chombo, si kwenye bolti yoyote iliyo karibu, kwa sababu tunachotafuta ni tofauti ambayo kifaa kinaiona na si ile tunayoiona sisi. Nyaya zinarefushwa hadi ndani ya chumba cha rubani na kufungwa imara mbali na propela na ekzosi, magurudumu yanazuiwa kwa vigingi, na hakuna mtu anayesimama mbele injini ikiwa inafanya kazi. Nasisitiza hili kwa sababu nimeona mtu akiinama na mita mkononi karibu na propela inayozunguka, na hakuna usomaji wa umeme wenye thamani hiyo. Injini ikiwa imezimwa, mita ilisoma sifuri hata taa zote zikiwa zimewashwa kwa betri, kama inavyotarajiwa, maana mkondo huo haupiti kwenye mkanda. Injini ikizunguka na alteneta ikiwa imezimwa, karibu sifuri. Alteneta ikawashwa: milivolti 138.

Tulipofungua mkanda, tulikuta upande wa fremu umefungwa juu ya rangi. Bolti ndiyo pekee iliyokuwa ikigusa chuma, tena kwa nyuzi zake zenye kutu. Tulikwangua hadi chuma kikang'aa, tukaweka mkanda mpya mpana zaidi, tukahamisha ethi za chombo zote hadi kwenye nukta moja badala ya bolti tatu tofauti nyuma ya dashibodi. Mita ikasoma milivolti 11, na joto la oili likaacha kuijua swichi ya alteneta. Mkanda mbovu wa ethi una madhara mengine yasiyohusu vipimo: mkondo wa stata ukikosa njia yake hutafuta nyingine, na kebo za chuma za kuongoza injini ni njia inayofaa kabisa. Ningekuwa mtengenezaji, ningeweka kipimo hiki cha mita katika ukurasa wa kwanza wa kijitabu. Kijitabu cha seti hii kina neno moja tu kuhusu ethi, nalo ni kwamba chombo kiunganishwe nayo.

Je, hilo ni kosa la chombo? Kwa haki, hapana. Mkanda ulikuwa wa ndege yangu na rangi ilikuwa ya ndege yangu, na zile geji za zamani za mshale zilizokuwepo kabla yake huenda zilikuwa na kosa hilo hilo kwa miaka bila mtu kuligundua, kwa kuwa mshale mnene hauonyeshi digrii saba kwa namna ya kumshtua mtu. Hata hivyo, kwa kifaa cha daraja hili ningetarajia vihisi vya nyaya mbili au tatu, vyenye ethi yao wenyewe inayorudi moja kwa moja kwenye chombo, ambavyo havijali injini imesimama kwenye volti gani. Vipo sokoni, na tangu hapo nimevibadilisha viwili vya oili.

Dalili ya pili ndiyo iliyonifikisha kwenye kosa la kweli. Kila nilipobonyeza kitufe cha redio ili kuzungumza, joto la kichwa cha silinda namba 3 lilipanda digrii 20 hadi 30, likabaki huko muda wote nilioshika kitufe, kisha likashuka. Silinda nyingine zilitikisika kwa digrii moja au mbili tu.

Vihisi vya joto kali havifanyi kazi kama vile vya oili. Hivi ni themokapo, yaani nyaya mbili za metali tofauti zilizounganishwa kwenye ncha, na tofauti ya joto kati ya ncha hiyo na upande wa chombo huzaa volti ndogo, jambo ambalo Thomas Johann Seebeck alilibaini mwaka 1821. Katika seti hii, vya ekzosi ni vya aina K, vya kromeli na alumeli, na kila digrii moja huleta takriban mikrovolti 41. Hata gesi zikifika digrii 700, jumla yake ni milivolti 29 tu. Vya vichwa vya silinda ni vya aina J, vya chuma na konstantani, ambavyo hutoa zaidi kidogo ya mikrovolti 50 kwa digrii. Chombo kinachojaribu kusikia sauti ndogo kiasi hicho kimekaa ndege moja na redio inayorusha wati kadhaa kati ya megahezi 118 na 137. Katika masafa hayo robo ya urefu wa wimbi ni kama sentimita 60, na waya wa kihisi unaofika urefu huo ni antena nzuri hata kama hakuna aliyeuita hivyo. Mawimbi yakiingia kwenye kikuza ishara cha chombo, hugeuzwa humo ndani kuwa volti tuli, isiyorukaruka, na volti tuli ndiyo ambayo chombo huiita joto.

Nilitumia njia tatu kujua mawimbi hayo yanaingilia wapi. Kwanza nilibonyeza kitufe bila kusema neno, kwenye masafa yasiyotumika na baada ya kusikiliza kwanza, nikaona kwamba kosa lipo hata kabla ya sauti, hivyo chanzo ni wimbi lenyewe. Pili nilibadilisha masafa, na ukubwa wa kosa ukabadilika pamoja nayo, jambo linaloashiria urefu wa waya fulani unaopatana na wimbi fulani. Tatu, na hili ndilo lenye manufaa zaidi, tulifungua antena na kuweka mahali pake kizibo cha omu 50 kinachomeza nguvu ya redio bila kuirusha. Kosa likipotea kabisa, antena yenyewe ndiyo inayowapigia vihisi. Likibaki, mawimbi yanavuja kwenye kebo au yanapita kwenye nyaya za umeme. Kwetu lilipungua kwa nusu tu. Tulikagua kebo ya antena tukakuta wavu wake wa nje umelegea kwenye kiungio cha nyuma ya redio, ukiwa umeshikwa na nyuzi chache. Kiungio kipya kiliondoa sehemu kubwa ya tatizo. Kwa kilichobaki nilifuata waya wa silinda namba 3, sentimita kwa sentimita, ili nijue kwa nini huo na si mwingine.

Na hapo ndipo nilipoliona lile lililokaa kimya. Waya wa namba 3 ulikuwa umerefushwa. Nyaya za seti ni fupi mno kwa silinda zilizo mbali, na kijitabu, katika mstari mmoja wa maandishi madogo, kinasema kwamba zisipofika zirefushwe kwa waya wowote wa shaba wa unene unaolingana. Tuliufuata ushauri huo kwa uaminifu. Tuliunganisha shaba karibu na ukuta wa injini, tukauacha waya mrefu kuliko ulivyohitajika, tukaukunja ziada katika duara nadhifu, tukaufunga pamoja na kebo ya antena kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu. Duara lile ndilo lililokuwa likipokea redio. Lakini hilo lilikuwa dogo.

Themokapo haipimi joto la ncha yake pekee; hupima tofauti kati ya ncha na mahali nyaya zake za metali maalumu zinapoishia. Chombo kinajua joto la mlango wake na kulijumlisha, kikiamini kwamba nyaya hizo zinaishia hapo. Zikiishia mahali pengine na shaba ikaendelea, joto la mahali hapo linatoweka kwenye hesabu. Chini ya kifuniko cha injini, pale tulipounganisha, kunaweza kufika digrii 80 ndege inapopanda, wakati nyuma ya dashibodi ni 30. Tofauti ya digrii 50 inapunguzwa kwenye kipimo bila kelele, bila kurukaruka, bila rangi nyekundu. Asubuhi, ndege ikiwa imepoa na kila kitu kikiwa na joto moja, silinda zote nne zinasoma sawa na hewa ya nje na mtu anaandika kwenye daftari kwamba vihisi ni vizima. Mimi niliandika hivyo.

Kwa miezi minne silinda namba 3 ilikuwa ndiyo yenye ubaridi kuliko zote, karibu digrii 178 wakati wa kupanda, na nilijisifu mbele ya watu wawili kwamba vibati vyangu vya kuelekeza hewa vimetengenezwa vizuri. Tulipoweka waya wa nyongeza wa aina J hadi kwenye mlango wa chombo, ilisoma 226, juu ya zote. Injini nyingi za Lycoming za aina hii zina kikomo cha digrii 260, kwa hiyo sikuwa nimekivuka, lakini kikomo changu cha onyo nilikuwa nimekiweka kwa kuamini tarakimu isiyo ya kweli. Hili ndilo kosa ambalo ninalihesabu juu ya mtengenezaji bila kusita. Mtu anayeuza vihisi vya aina J lazima auze na nyaya za aina J za urefu wa kutosha, au aseme wazi kwamba hazirefushwi kwa shaba. Anayerefusha aangalie pia rangi: katika nyaya za desturi ya Marekani, nyekundu ni hasi, kinyume na mazoea ya kila fundi wa umeme, na ukizigeuza kwenye kiungio unapata kosa lingine la kimya.

Baada ya hapo tuliweka vipete vya feraiti, ambavyo huzuia mawimbi ya redio yasipite kwenye waya, kwenye nyaya za vihisi karibu kabisa na kisanduku, na redio haionekani tena kwenye joto la silinda. Ningependa kazi hiyo iwe imefanywa ndani ya kisanduku tangu kiwandani. Kikuza ishara cha themokapo kilichokusudiwa kwa ndege kisipokuwa na chujio la mawimbi ya redio kwenye mlango wake, aliyekibuni amesahau kwamba marubani huzungumza.

Mizunguko ya injini ilikuwa na kasoro yake. Chombo huhesabu mapigo kutoka kwenye waya wa kuzimia magneto, yaani kifaa kinachozalisha umeme wa cheche za injini, na injini ya silinda nne hutoa cheche mbili kwa kila mzunguko. Injini ikiwa polepole, chombo kilionyesha 1,900 mahali palipopaswa kuwa 950, kwa kuwa mtikisiko wa volti unaofuata kila cheche ulihesabiwa kama cheche ya pili. Rezista iliyomo katika seti ilitosha kuyamaliza hayo, lakini mchoro wa kijitabu unaiweka upande wa chombo. Mahali pake ni pale waya unapochepuka kutoka kwenye swichi ya magneto. Ikikaa hapo, mapigo makali hayatembei kwenye urefu wote wa waya na kuwaambukiza majirani, na, la muhimu zaidi, waya huo ukichubuka na kugusa fremu hauizimi magneto, kwa sababu rezista iko kati yao. Ikikaa upande wa pili, waya wote ni wa magneto, na mchubuko mmoja unakuondolea nusu ya mfumo wa cheche. Kwa hiyo hilo nalo si suala la kelele tu.

Taa za kumeta kwenye ncha za mbawa zilikuwa zikitia alama ndogo katika grafu ya ekzosi, kama pigo la moyo, kila zinapomulika. Tulizitenga nyaya zake na zile za vihisi, tukahakikisha kwamba zinapolazimika kukutana zinakatiza kwa pembe ya mraba badala ya kutembea pamoja. Ilichukua nusu saa.

Sasa kwa anayefikiria kununua chombo cha namna hii. Kumbukumbu ya kila sekunde, inayotoka kama faili la kawaida linalofunguka kwenye kompyuta yoyote, ndiyo sababu yangu kubwa ya kukipendekeza licha ya yote niliyoyaeleza. Bila hiyo nisingeona oili ikizama wakati wa stata, na nisingejua kwamba kosa la redio linashika na kuachia kwa usahihi wa kitufe. Uwezo wa kuweka chujio tofauti kwa kila kipimo nao ni mzuri, ilimradi mtu aanze na kiwango cha chini kabisa na kuongeza pale tu anapojua anachokituliza. Skrubu za viungio zinashika vizuri na hazijalegea kwa mtetemo. Huduma kwa wateja ilikuwa dhaifu mwanzoni, ingawa mtu wa pili aliyejibu barua zangu alikuwa fundi wa kweli: swali lake la kwanza lilikuwa kama kosa la oili linaelekea upande uleule alteneta ikiwashwa na stata ikizunguka, na kwa swali hilo pekee nilijua kwamba ndani ya kampuni yupo anayeelewa, ila si yeye aliyeandika kijitabu.

Nisingemshauri mtu akinunue kwa ajili ya ndege ambayo nyaya zake hajawahi kuzikagua, akitarajia kukifunga mwishoni mwa juma na kuruka. Kwa aliye tayari kununua nyaya za ziada za aina K na J, kubadilisha vihisi vya oili, na kutumia siku mbili na mita kabla ya kuamini tarakimu yoyote, ni chombo chenye thamani. Na geji zilizoidhinishwa pamoja na ndege zibaki mahali pake hadi fundi mwenye mamlaka aseme vinginevyo.

Juma lililopita niliruka saa mbili. Oili ilikaa digrii 86, redio haikuacha alama yoyote kwenye grafu, na silinda namba 3 iliongoza kwa joto tangu kupanda hadi kutua. Vibati vya kuelekeza hewa, vile nilivyovisifu, nimevifungua na vipo mezani.